Maji Kwanza, Taa Baadaye: Kuku wa Familia Wakati wa Barafu

(Maneno yaliyosemwa mbele ya kamati za parokia na wafadhili wa mradi wa kuku wa familia)



Sisi tunaosema mbele yenu ni familia zilizotoka Kongo na Burundi. Wengi wetu tulipitia makambi ya wakimbizi nchini Tanzania, na sasa tunaishi Minnesota, kaskazini mwa Marekani. Kwa msaada wenu, familia zetu zimepata kuku wachache wa mayai nyuma ya nyumba. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ninyi mmetupa jembe, na tunataka lisipate kutu.

Majira ya baridi yanakaribia, na kamati zinajadili matumizi ya fedha za msimu huu. Pendekezo lililo mezani ni kununua taa ya joto kwa kila banda. Tunaona upendo ndani ya pendekezo hilo. Hata hivyo, kwa heshima zote, tunaomba fedha hizo zianzie kwenye maji. Tunaomba kueleza sababu.

Kuku mzima mwenye afya huvumilia baridi kuliko watu wengi wanavyodhani. Joto la mwili wake ni karibu nyuzi 41, na manyoya yake ni blanketi alilozaliwa nalo. Banda likiwa kavu na upepo usimpige anapolala, hupita usiku wa chini ya sifuri bila shida. Katika nchi jirani ya Kanada, mtawa wa Kitrapisti, Bruda Wilfrid Châtelain wa abasia ya Oka, Quebec, alijitolea mwanzoni mwa karne ya 20 kuzalisha kuku wa kufaa baridi ya kwao. Kuku huyo anaitwa Chantecler. Upanga wake wa kichwani ni mdogo sana, hivyo barafu haupati kwa urahisi. American Poultry Association ilimtambua rasmi mwaka 1921. Mtawa yule alichagua kuku wa kuvumilia baridi.

Kiu ni jambo jingine. Kuku wa mayai hunywa karibu robo lita kwa siku, yaani takriban mara mbili ya uzito wa chakula anachokula. Ndani ya yai, robo tatu ni maji. Chakula kikavu nacho hakilainiki tumboni pasipo maji. Kuku asipokunywa, huacha kula. Na asipokula, hana kitu cha kumtia joto usiku. Chakula ndicho kuni zake, na maji ndiyo yanayofanya kuni hizo ziwake. Kwa hiyo barafu katika chombo cha maji huleta baridi mwilini mwa kuku kabla upepo haujamfikia.

Kwetu Uvira au Rumonge maji ya kuku yanaweza kuchafuka, lakini hayageuki jiwe. Huku, katika mwezi wa Januari, usiku mara nyingi hushuka chini ya nyuzi 10 chini ya sifuri, na zipo siku ambazo hata mchana hazifiki sifuri. Maji yaliyowekwa alfajiri yanaweza kuganda kabla ya adhuhuri. Tena maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na chombo cha plastiki ngumu hupasuka.

Sasa tulinganishe gharama. Taa ya joto ya wati 250 ikiwaka usiku na mchana hutumia uniti 6 za umeme kwa siku, yaani uniti 180 kwa mwezi. Bakuli la maji linalopashwa kwa umeme, la wati 60, hata likiwaka muda wote halifikishi uniti moja na nusu kwa siku. Likiwa na kidhibiti joto, hujizima lenyewe hali ya hewa inapopata nafuu. Aidha, taa ya joto ikianguka juu ya maranda makavu huwasha moto, na nyumba nyingi tunazokaa ni za mbao.

Hizi ndizo njia tunazopendekeza kwa kila familia:

1. Vyombo viwili vya mpira mweusi kwa kila banda. Kimoja kinanywewa, kingine kinayeyuka ndani ya nyumba. Mpira hupinda bila kupasuka. Ukiukanyaga pembeni, barafu hutoka nzima.

2. Maji ya uvuguvugu asubuhi, mchana na kabla ya jua kuzama. Usiku kuku hulala bila kunywa, kwa hiyo chombo kirudi ndani.

3. Chumvi isitiwe kwenye maji ili kuyazuia yasigande, wala dawa ya kuzuia kuganda kwa maji ya gari. Zote mbili hudhuru kuku, na hiyo ya gari ni sumu kali.

4. Maji yasimwagike bandani, na tundu la hewa la juu lisizibwe. Unyevu ndio unaofanya upanga na vidole vya kuku vigande.

5. Maji yawekwe chini ya paa. Madimbwi yote yakiganda, ndege wa porini hutafuta maji kwenye nyumba za watu, na tangu mwaka 2022 homa ya mafua ya ndege imeua kuku wengi sana Marekani.

Changamoto kubwa ni muda. Baba na mama wengi wetu hufanya kazi za zamu, hutoka kabla ya mapambazuko na kurudi giza limeingia. Watoto wako shuleni. Nani atabadilisha maji ya mchana? Nyumba yenye bibi au babu inaweza kufanya kazi kwa vyombo vya mpira peke yake. Nyumba ambayo mchana haina mtu ndiyo inayohitaji bakuli la umeme.

Hivyo basi, tunaleta maombi matatu. Kwanza, kila familia ipewe vyombo viwili vya mpira. Pili, mabakuli ya umeme, pamoja na waya wa kufaa nje na soketi yenye kikata umeme cha usalama, yagawiwe kwa nyumba zisizo na mtu mchana, baada ya kamati kuzitembelea. Tatu, tunawaomba wafadhili wasiupime mradi kwa hesabu ya mayai ya Desemba. Kuku huhitaji takriban saa 14 za mwanga kwa siku ili atage vizuri, na siku za Desemba huku hazifikii hata saa 10. Mayai yatapungua hata kwa mfugaji hodari. Hesabuni kuku watakaokuwa hai na wenye nguvu mwezi wa Machi.

Injili inasifu kikombe cha maji baridi anachopewa mdogo. Kuku wetu wanaomba kikombe hicho hicho, ila kisiwe baridi mno.

Kamati itakapoketi kupiga kura, tutakuwa tayari kujibu maswali yenu nyumba kwa nyumba.