Nywele za Mzazi

Miezi mitatu baada ya kujifungua, mama anachana nywele na kitana kinajaa. Jirani anasema ni jicho. Mwenye duka ana mafuta ya kumuuzia. Kumbe wakati wa mimba homoni ya estrojeni huzizuia nywele nyingi zisiingie mapumziko yake ya kawaida, yale ya miezi miwili mitatu kabla ya kunyonyoka. Homoni ikishuka, zilizochelewa hupumzika kwa pamoja, na kwa pamoja hutoka. Shina halijafa: nywele mpya huota palepale. Wengi hurejea hali yao ndani ya mwaka, na mafuta yale hupewa sifa isiyo yake. Ila zikitoka kwa mabaka, au mwaka ukipita, aende akapimwe damu na tezi ya shingo.