Mtoto wa Mlo Maalum Akifunga Choo

Mazungumzo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti na wazazi, walezi na wahudumu wa afya ya jamii, Subukia

 

Mimi si daktari. Kazi yangu ni kuchukua ushauri wa wataalamu wa afya na kuufikisha kwenu kwa lugha inayoeleweka nyumbani. Leo tunazungumzia jambo ambalo wengi huona haya kulitaja mbele ya watu: choo cha mtoto. Hasa mtoto mdogo ambaye tayari kuna vyakula haruhusiwi kula, na sasa amefunga choo.

Watoto hawa wako kati yetu. Wapo walioambiwa hospitalini wasipewe maziwa ya ng'ombe kwa sababu ya mzio. Wapo wasiovumilia ngano. Wapo wenye ugonjwa wa figo. Na wapo ambao hakuna daktari aliyewakataza chochote, ila wao wenyewe hukubali vyakula vitatu au vinne tu, jambo linaloonekana sana kwa watoto wenye usonji. Orodha ya vyakula ikiwa fupi, ni rahisi choo kuwa kigumu. Mzazi naye hujikuta njia panda: apunguze chakula kingine, au arudishe kile kilichokatazwa? Ninawaomba msifanye lolote kati ya hayo mawili. Tafuteni ulaini ndani ya orodha mliyopewa, na ikishindikana, rudini kwa aliyewapa orodha.

Kwa nini choo hukauka

Utumbo mkubwa hunyonya maji. Choo kikikaa ndani siku nyingi, maji huzidi kunyonywa, nacho huwa kikubwa na kigumu. Siku kikitoka kinaumiza. Mtoto wa miaka 2 au 3 hana hoja nyingi, anajua tu kwamba kwenda haja kunauma. Kesho yake akihisi haja, anabana. Anakaza miguu, anasimama kwa vidole, anajificha nyuma ya kiti. Sisi tunadhani anakamua, kumbe anazuia. Kadiri anavyozuia ndivyo choo kinavyozidi kukauka, na hofu inakua.

Mtoto anayeenda haja mara 2 au chini ya hapo kwa wiki, au anayetoa choo kikavu kama mavi ya mbuzi, au anayelia kila akienda, amefunga choo. Mtoto mchanga anayenyonya maziwa ya mama pekee ni tofauti. Anaweza kukaa siku kadhaa bila choo, na ikiwa choo ni laini, ananyonya vizuri na anaongeza uzani, hana shida.

Kuna ishara moja inayowapotosha wengi. Mtoto anachafua nguo kwa choo chepesi mara kwa mara, na mzazi anadhani anaharisha. Huenda ni choo chepesi kinachopenya pembeni mwa kigumu kilichoziba. Akipewa dawa ya kuzuia kuharisha, mambo huharibika zaidi. Na asichapwe kwa kujichafua, kwa sababu hahisi kikitoka.

Ulaini ndani ya orodha

Kipimo rahisi cha nyuzinyuzi kwa mtoto wa zaidi ya miaka 2 ni umri wake ukijumlisha 5. Wa miaka 3 anahitaji kama gramu 8 kwa siku. Nusu kikombe cha maharagwe yaliyoiva kina karibu gramu 6. Kwa hivyo si jambo la kununua vitu vya bei, kwa sababu mengi yako hapa bondeni.

Mtoto aliyekatazwa maziwa anaweza kupata papai, avokado, mapera, viazi vitamu, malenge, minji, maharagwe yaliyopondwa na mboga za kienyeji, mradi hana katazo lingine. Msimbadilishie kwa maziwa ya mbuzi. Protini zake zinafanana sana na za maziwa ya ng'ombe, na wengi wenye mzio wa moja hudhurika na ya pili. Mala na mtindi pia ni maziwa.

Mtoto asiyevumilia ngano mara nyingi hubakishiwa wali mweupe na ugali wa unga uliokobolewa, na hapo nyuzinyuzi hupotea. Msagieni mahindi bila kukoboa. Uji wa wimbi au mtama unafaa, lakini angalieni mambo mawili: unga wa uji wa mchanganyiko wakati mwingine huwa na ngano ndani, na mashine inayosaga ngano huacha mabaki kwenye unga unaofuata.

Mtoto mwenye ugonjwa wa figo ni wa kuangaliwa peke yake. Jirani atakwambia kwa nia njema, "Mpe ndizi na avokado, atafunguka." Vyakula hivyo, pamoja na viazi na maharagwe, vina potasiamu nyingi. Figo dhaifu hushindwa kuitoa, na ikizidi katika damu inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Hata maji huenda amepimiwa. Kwake msiongeze chochote kabla ya kuuliza kliniki.

Na yule anayechagua chakula mwenyewe asilazimishwe. Wekeni kipande kidogo cha chakula kipya kando ya kile anachopenda, bila maneno mengi. Mtoto huenda akahitaji kukiona mara 10 au zaidi kabla ya kukionja.

Ongezeni nyuzinyuzi polepole, na maji yaende nazo. Bila maji, tumbo hujaa tu.

Maji na maziwa

Mtoto wa mwaka 1 hadi 3 anahitaji kama lita 1.3 za vinywaji na maji yaliyo katika chakula kwa siku. Wa miaka 4 hadi 8, kama lita 1.7. Mpeni kidogo kidogo siku nzima. Aliye chini ya miezi 6 hahitaji maji, maziwa ya mama yanatosha. Anayetumia maziwa ya kopo yapimwe kama maelezo yanavyosema, kwa kuwa unga ukizidi choo hukauka.

Hapa kwetu maziwa ni mengi, na mtoto anayeruhusiwa kuyanywa hujazwa hayo tangu asubuhi. Kwa mtoto aliyepita mwaka mmoja, nusu lita kwa siku inatosha. Zaidi ya hapo hushiba maziwa na kukataa chakula.

Kukaa chooni bila hofu

Dakika 5 hadi 10 baada ya mlo, kila siku, mtoto akae kwenye poti. Chakula kikiingia tumboni utumbo huamka, huo ndio wakati wake. Miguu ikanyage chini au juu ya kigoda, magoti yawe juu kidogo ya nyonga. Akimaliza msifuni hata kama hakuna kilichotoka.

Choo cha shimo chenye giza na tundu pana humtisha mtoto wa miaka 3. Kubana kwake ni woga, si ukaidi. Poti ya bei ndogo yenye kifuniko humaliza vita hivyo. Walimu, mtoto akiomba ruhusa darasani, mruhusuni mara moja.

Dawa si aibu

Choo kikiwa kimeshaziba, chakula peke yake mara nyingi hakitoshi. Kliniki huweza kutoa dawa ya kulainisha, kama laktulosi, ambayo huvuta maji kwenye utumbo. Inaweza kuchukua siku 2 kuonekana inafanya kazi. Mwambieni mhudumu mlo wote ambao mtoto amekatazwa, kwa sababu baadhi ya dawa za maji zina sukari au viambato visivyomfaa. Tajeni pia dawa ya madini ya chuma, kwa maana nayo huweza kukausha choo.

Kosa la kawaida ni kuacha dawa siku choo kinapolainika. Utumbo uliotanuka huchukua wiki nyingi, pengine miezi, kurudi hali yake. Punguzeni mnapoambiwa.

Msimtie mtoto kipande cha sabuni wala maji ya sabuni, huchoma utumbo. Msimpe mafuta ya mbono au majani ya kuharisha. Msinunue dawa ya kusafisha tumbo dukani bila ushauri. Kwa mtoto wa figo baadhi yake ni hatari. Na aliye chini ya mwaka 1 asipewe asali.

Wakati wa kukimbia hospitalini

Msingoje mkiona tumbo limevimba na kuwa gumu, matapishi ya kijani, homa pamoja na maumivu makali, damu nyingi kwenye choo, miguu iliyolegea, au mtoto asiyeongeza uzani. Michirizi midogo ya damu mara nyingi ni mpasuko, lakini nayo ionwe. Mtoto mchanga asiyepata choo cha kwanza ndani ya saa 48 tangu azaliwe achunguzwe mara moja.

Kwa mengine anzeni na mhudumu wa afya ya jamii au zahanati ya karibu. Wao watawaelekeza Hospitali ya Subukia, na ikihitajika, Hospitali ya Rufaa ya Nakuru. Nendeni na kijitabu cha Afya ya Mama na Mtoto na daftari mliloandika siku za choo, jinsi kilivyokuwa, na alichokula. Daftari hilo humsaidia mhudumu kuliko maneno "hajaenda siku nyingi."

La mwisho ni kwa nyumba nzima. Mlo maalum hauwezi kushikwa na mama peke yake wakati baba ananunua mkate na shosho anampa maziwa kwa siri akimwonea huruma. Andikeni orodha, ibandikeni jikoni, na yeyote anayemlisha mtoto aisome au asomewe. Huruma ya kweli ni wote kufuata orodha moja.

Sasa tuulizane maswali.