"Unakula, unalala, unataka nini tena?"

Wiki hii naanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe, maana mtu anayekaa mbele ya kipaza sauti kila wiki akiwasema wengine, ni haki siku moja moja ajiseme na yeye.

Nyumbani kwangu yupo binti anayetusaidia kazi. Alikuja kutoka kijijini miaka mitatu iliyopita, baada ya kumaliza darasa la saba. Mwezi uliopita alinijia sebuleni, akapiga goti kidogo, akasema, "Baba, naomba Jumanne na Alhamisi niwe natoka saa kumi, nikajifunze cherehani kwa yule mama fundi wa mtaa wa pili." Nami, bila hata kuliweka gazeti chini, nikamjibu: "Mwanangu, hapa unakula, unalala pazuri, na mshahara wako unaupata kila mwisho wa mwezi. Unataka nini tena?"

Hakusema neno. Alikusanya vikombe akarudi jikoni. Siku ya tatu yake alimwambia mke wangu kwamba mwezi ukiisha anaomba nauli arudi kwao. Mke wangu alipomdadisi, alijibu hivi: "Mama, hapa nashiba. Lakini kila mwaka ukiisha, mimi ni yule yule niliyekuja."

Nilipofikishiwa maneno hayo, usingizi uliniruka.

Swali nililomtupia binti yule, unataka nini tena, limewashughulisha wataalamu wa saikolojia kwa muda mrefu. Mwaka 1943 Mmarekani mmoja, Abraham Maslow, aliandika makala akieleza kwamba mahitaji ya binadamu yamepangika kwa madaraja. Chini kabisa yapo mahitaji ya mwili: chakula, maji, usingizi. Juu yake upo usalama. Kisha mtu huhitaji kupendwa na kuwa na wenzake, kisha huhitaji heshima, na mwisho huhitaji kuwa yule ambaye ana uwezo wa kuwa. Fundisho hilo limeenea katika vyuo vya ualimu na vya uongozi duniani kote, na huchorwa kama piramidi, ingawa katika makala ile Maslow hakuchora piramidi yoyote.

Wengi wetu tulilielewa kwamba mtu hapandi daraja la pili mpaka la kwanza limalizike kabisa. Kwa hiyo maskini tunampa unga na kumwambia atulie, mambo ya heshima na maendeleo yake yatafuata baadaye. Lakini Maslow mwenyewe alionya juu ya kosa hilo katika makala ile ile. Alitoa tarakimu za mfano tu, akasema huenda mtu wa kawaida ameridhika kwa asilimia 85 katika mahitaji ya mwili, 70 katika usalama, 50 katika upendo, 40 katika kujiheshimu na 10 katika kukamilisha uwezo wake. Maana yake ni kwamba haja hizo zote zinaishi ndani yetu kwa pamoja, kila moja ikiwa imetimizwa nusu nusu.

Usiku ule nilimkumbuka marehemu mama yangu. Alikuwa mkulima wa pamba kule Usukumani. Kila msimu alipeleka magunia yake mizanini, karani akaandika risiti, mama akaweka dole gumba, akarudi nyumbani na shaka moyoni. Hatukuwa watu wa kushiba kila siku. Kwa hesabu yangu ya sebuleni, mama yule alipaswa kuwaza chakula peke yake.

Basi mwaka 1968 ulianza mradi wa kisomo chenye manufaa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, ukisaidiwa na UNESCO. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere akautangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Madarasa yalifunguliwa kila mahali, na la kwetu lilikuwa chini ya mwembe. Vitabu vya kusomea vilizungumzia mambo ambayo wakulima walikuwa nayo mikononi: pamba, migomba, ng'ombe, uvuvi. Mama alikwenda jioni baada ya jembe, mtoto mgongoni. Alikuwa na haja moja tu, nayo ni kujua karani anaandika nini.

Msimu uliofuata alisimama mizanini, akasoma kwa sauti: "Mizani inasema kilo 74, risiti yangu inasema 64." Watu wakageuka. Karani akafuta, akaandika upya.

Ningedhani shida yake iliishia hapo. Lakini baada ya risiti alitaka kusoma barua za kaka yangu bila kumwita mtoto wa jirani. Baada ya kuzisoma, alitaka kuzijibu mwenyewe. Miaka michache baadaye alikuwa mweka hazina wa kikundi cha akina mama. Haja moja ilizaa nyingine, na kila haja ilimkuta mama akiwa mtu mkubwa kidogo kuliko jana.

Wengi wenu mnamkumbuka pia Mzee Kimani Maruge wa Kenya. Serikali ya huko ilipoondoa ada katika shule za msingi mwaka 2003, naye alitaka nafasi. Mwaka 2004, akiwa na umri wa miaka 84, aliingia darasa la kwanza huko Eldoret, amevaa sare na kaptura kama wajukuu. Alipoulizwa sababu, alieleza kwamba alitaka kuisoma Biblia mwenyewe, kwa kuwa hakuwa na hakika kama mhubiri anaisoma sawasawa, na alitaka kujua kuhesabu fedha. Mwaka 2005 alisimama New York kwenye Umoja wa Mataifa kutetea elimu ya bure.

Kisha zikaja vurugu zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Mzee akapoteza makazi, akaishi katika kambi ya waliokimbia. Hapo chakula kilikuwa cha kugawiwa na usalama haukuwepo. Hata hivyo aliendelea kutembea kwenda shule. Alifariki mwaka 2009, kabla ya kumaliza elimu ya msingi.

Tazameni, ndugu zangu, mama yangu na mzee yule walisukumwa na kitu kimoja: hawakutaka kusomewa na mtu mwingine maisha yao. Ukiitazama kwa mbali, ni haja ndogo sana, risiti ya pamba na mistari ya Biblia. Lakini Waswahili husema maji ya kifuu bahari ya chungu.

Msinielewe vibaya. Sisemi kwamba mwenye njaa ashibe kwa heshima. Mwajiri anayechelewesha mishahara kisha akawahutubia wafanyakazi juu ya moyo wa kujituma, huyo anadhulumu. Ugali uje, na uje kwa wakati. Ninachosema ni kwamba ugali haujibu maswali yote, na anayekungoja ushibe kabisa ndipo akuruhusu kukua, atakungoja mpaka kaburini.

Kwa hiyo wiki hii nawaomba tuulize lile swali upya. Tumwulize mtoto, mke, mume, kijana wa dukani, mlinzi wa getini: unataka nini tena? Tuliulize kwa sauti ya mtu anayesubiri jibu, gazeti likiwa chini. Nasi wenyewe tujiulize, kila mmoja ana risiti gani ambayo mpaka leo anaitia dole gumba bila kuisoma.

Yule binti hakurudi kwao. Nilimwomba radhi, na sasa Jumanne na Alhamisi saa kumi anaondoka na kitambaa chake mkobani. Siku hizo mbili chakula cha jioni napika mimi. Wajukuu wanalalamika kwamba ugali wangu una madonge. Nimewaambia wavumilie, babu yao naye yuko masomoni.