Dhana ya Haki Katika Makuzi ya Maadili ya Mtoto



Hapana mwalimu asiyepata kuambiwa na mtoto, kwa uchungu wa dhati, kwamba jambo fulani si haki. Na aghalabu sisi huyanyamazisha maneno hayo kama kwamba ni utovu wa adabu, ilhali ndiyo dalili ya kwanza ya dhamiri inayoamka. Madhumuni ya mada hii ni kuonyesha kwamba haki haimwingii mtoto kwa kuamrishwa peke yake, bali humea katika muamala wake na walio sawa naye, na kwa sababu hiyo yatupasa kumshirikisha katika kuhukumu na si kumhukumu tu.

1. Haki machoni pa mtoto

Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi, katika kitabu alichokitoa mwaka 1932 juu ya hukumu za kimaadili za mtoto, aliwafuata watoto wa Geneva na Neuchâtel katika mchezo wao wa gololi, akawauliza kanuni zake zimetoka wapi na kama yajuzu kuzibadili. Kisha akawasimulia visa vifupi, akasikiliza fatwa zao. Katika kimoja, mtoto aliyeiba matofaa anakimbia, anapita juu ya daraja bovu, nalo lavunjika naye aanguka majini: je, kama asingaliiba, angalianguka? Katika watoto wa miaka 6, asilimia 86 waliona kwamba wizi ndio uliomwangusha. Katika wale wa miaka 11 na 12, waliobaki na rai hiyo walikuwa asilimia 34. Kwa mtoto mdogo, basi, hata mbao za daraja humtumikia mkubwa mwenye kuadhibu.

Kadhalika kwa adhabu. Mtoto aliyetumwa mkate wa chakula cha jioni asiende, je, anyimwe starehe ya siku ya pili, au baba yake naye akatae kumsaidia siku atakapomhitaji? Wadogo walielekea kuchagua iliyo kali zaidi, kwa kudhani kwamba maumivu ndiyo yafutayo kosa. Wakubwa walichagua ile inayomfahamisha mkosaji kwamba amevunja ushirika. Na katika kugawa, Piaget aliona daraja tatu zikifuatana: kwanza haki ni lile aliloamuru mkubwa, kisha, yapata miaka 8 hadi 11, haki ni usawa kamili usiokubali udhuru, na mwisho ni insafu, yaani kutazama umri, udhaifu na hali ya kila mmoja. Kilichomvusha mtoto daraja hizo, kwa rai ya Piaget, si mawaidha yetu hasa, bali ni kuheshimiana na kushauriana na wenziwe.

2. Ngazi za Kohlberg

Lawrence Kohlberg wa Marekani aliiendeleza kazi hiyo katika tasnifu yake ya mwaka 1958 kwa wavulana 72 wa Chicago na vitongoji vyake, wenye miaka 10, 13 na 16. Mashuhuri katika masuala yake ni lile la Heinz, ambaye mkewe yu mahututi kwa saratani, na mwenye dawa ataka mara kumi ya gharama yake: je, aibe? Kohlberg hakujali sana jibu la ndiyo au la; alipima hoja iliyo nyuma ya jibu, akazipanga hoja hizo katika ngazi sita, kuanzia hofu ya adhabu, kupitia kutaka kusifiwa na kuilinda sheria, hata kufikia haki iliyo kwa wanadamu wote bila upendeleo.

Wakosoaji wake wana hoja nzito. Carol Gilligan, mwaka 1982, alisema kwamba kipimo kilichojengwa kwa wavulana peke yao kimesahau sauti ya huruma na wajibu wa kutomwacha mtu. John Snarey naye, mwaka 1985, alipozipitia tafiti 45 za nchi 27, aliona ngazi za mwanzo zikienea kote, lakini zile za juu hazikuonekana katika jamii nyingi za vijijini. Nami siamini kwamba mzee wa baraza anayesumbuka kuwapatanisha majirani ana haki pungufu kuliko mwanachuo aliyezoea kubishana kwa kanuni. Kupatanisha pia ni elimu ya haki, na kipimo kisichoiona kina upungufu.

3. Yatupasayo

Kohlberg mwenyewe hakutosheka na visa vya kubuni. Mwaka 1974 ilianzishwa huko Cambridge, Massachusetts, shule ndogo iliyofuata fikra zake, ambamo mwalimu na mwanafunzi walikuwa na kura moja moja katika mkutano wa kila juma. Fedha za mmoja wao zilipoibwa, wanafunzi walijadiliana hata wakakubali kwamba hasara ile ni ya wote, wakachanga kumrudishia. Hapo ndipo insafu na huruma, tulizoziona zikitenganishwa na wataalamu, zilipokutana katika tendo moja.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu: kila darasa liwe na baraza la juma, ambamo watoto watatunga na kurekebisha baadhi ya kanuni zao, adhabu ielekezwe katika kulipa na kurekebisha kilichoharibika badala ya kutia maumivu, na mwalimu akikata hukumu aseme sababu zake, akubali kuulizwa, na kuzibadili ikiwa hoja ya mtoto imeshinda. Mtoto aliyezoea kutii tu atatii mwema na dhalimu sawasawa. Aliyezoea kupima hoja mbele ya wenziwe ndiye tutakayeweza kumkabidhi haki za watu.