Usitupe Mbachao kwa Msala Upitao
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)

Ndugu wanachama,

Twataka kusema nanyi juu ya jambo moja la kazi. Mara nyingi mwajiri akinunua kompyuta mpya husema kwamba mitambo ya zamani haina maana tena, na wanaoitunza vile vile. Sisi twasema sivyo. Tazameni habari zenyewe.

Zamani simu moja ilishika waya mzima mpaka maneno yaishe. Mwaka 1965 Donald Davies wa Uingereza alitoa shauri lingine: habari ikatwe vipande vidogo, kila kipande kiandikwe kinakokwenda, na vipande vya watu wengi vipite katika waya mmoja. Vipande hivyo aliviita pakiti. Paul Baran wa Marekani alikwisha fikiri jambo kama hilo kabla yake.

Mwaka 1976 mashirika ya simu ya nchi nyingi yalikubaliana kanuni iitwayo X.25. Kwa kanuni hii njia hufunguliwa kwanza, kisha pakiti hufuatana kwa namba. Wafaransa walifungua mtandao wao wa Transpac mwaka 1978, na vyombo vyao vya nyumbani viitwavyo Minitel vilihudumiwa hata tarehe 30 Juni 2012.

Intaneti haifanyi hivyo. Kila pakiti huenda peke yake, na mashini zilizo mwisho wa safari ndizo zinazopanga pakiti na kuulizia zilizopotea. Basi mashini ya X.25 na ya intaneti ni kama watu wawili wasiosikilizana lugha. Dawa yake ni kuweka mashini nyingine katikati. Mwaka 1994 iliandikwa kanuni ya XOT: pakiti ya X.25 hutiwa nzima ndani ya mzigo wa intaneti, kama barua katika bahasha, na kule iendako hutolewa kama ilivyokuwa. Mashini ya zamani haijui kwamba njia imebadilika.

Lakini ndugu, mashini ya katikati haijifundishi. Lazima iambiwe anwani za zamani, na ukubwa wa pakiti, ambao kwa kawaida ni herufi 128. Pande mbili zisipopatana, njia haifunguki. Mara nyingi mambo hayo hayamo vitabuni. Yamo kichwani mwa fundi aliyetunza mtambo miaka mingi. Akifukuzwa leo, kesho atatafutwa kwa taa.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Kwanza, fundi wa zamani asiachishwe kazi kwa sababu ya mtambo mpya. Pili, afundishwe mtambo huo katika saa za kazi, kwa mshahara kamili. Tatu, akiwafundisha wengine ujuzi wake, alipwe kwa kazi hiyo.

Hatukatai mashini mpya. Twakataa kutupwa pamoja na ya zamani. Tushikamane, ndugu, mmoja mmoja hatutasikiwa.