Hadithi za Usiku kwa Vijana: Mfano wa Kilakala, Morogoro



1. Utangulizi

Mhadhara huu unahusu desturi ya familia kusomeana hadithi kabla ya kulala, na namna inavyoweza kurejeshwa watoto wakiisha kuvuka utoto. Mfano unaotumika ni Kilakala, kata ya Manispaa ya Morogoro iliyo chini ya milima ya Uluguru. Morogoro ni mji wa makabila mengi. Baba akiwa Mluguru na mama Mchaga, Kiswahili huwa ndiyo lugha ya malezi. Aidha, Kilakala ina shule ya sekondari ya bweni ya wasichana, iliyoitwa awali Marian College. Kwa mtoto wa mtaa huo, majengo hayo ni ishara ya safari inayomngoja: kutoka nyumbani kwenda bwenini, na kutoka masomo ya Kiswahili kwenda masomo ya Kiingereza.

2. Msikilizaji alikuwa nani?

Mazoea ya sasa huihesabu hadithi ya usiku kuwa kibembelezo cha mtoto mdogo. Akishajua kusoma mwenyewe, mzazi hufunga kitabu. Mazoea hayo hayana mizizi katika fasihi ya Kiswahili. Bibi alipoita “Paukwa!”, walioitika “Pakawa!” walikuwa wa rika mbalimbali. Maandishi nayo yalisikilizwa na watu wazima. Mwana Kupona binti Mshamu alipotunga utendi wake mwaka 1858, aliutunga kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima, aliyekuwa akiukaribia utu uzima. Gazeti la Mambo Leo lilipoanza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923, nakala moja iliwafaa wengi, kwani aliyejua kusoma aliwasomea wasiojua. Baadaye kipindi cha Mama na Mwana cha Redio Tanzania kilikusanya nyumba nzima, mama, mwana na wageni wao.

3. Kinachopotea

Tangu mwaka 1967 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali. Kijana aingiapo Kidato cha Kwanza, masomo karibu yote huwa kwa Kiingereza. Kiswahili hubaki kuwa somo moja na lugha ya maongezi. Ni katika umri huohuo nyumba nayo hunyamaza.

Hasara yake haiishii kwenye msamiati. Asemaye “Ungaliniambia, nisingalikwenda” anaeleza kuwa nafasi imekwisha kupita. “Ungeniambia, nisingekwenda” huacha mlango wazi. Katika maongezi ya kila siku tofauti hiyo imefifia, na -nge- hubeba kazi zote mbili. Vivyo hivyo, msimulizi husema “akainuka, akatwaa fimbo, akatoka”, ilhali mazungumzo ya haraka hutia “halafu” katika kila hatua. Miundo kama hii huingia kwa sikio kabla ya kueleweka kwa kanuni. Kijana asiyeizoea kwa sikio huikuta katika riwaya kana kwamba ni lugha ya ugenini.

4. Njia ya kurejesha

Kijana wa miaka 15 akisomewa kama mtoto wa miaka 5 atakataa, na atakuwa na haki. Jadi yenyewe inatoa njia. Kikao na kianze kwa vitendawili: “Kitendawili!” “Tega!” Asiyeweza kufumbua hudaiwa mji, na anayetoa mji anaweza kuwa baba. Hapo mkubwa na mdogo huwa sawa. Kisha kitabu kipokezanwe ukurasa kwa ukurasa, kijana asome na mzazi asikilize. Penye mzazi asiyesoma kwa wepesi, kijana asome na mzazi asimulie. Kila mmoja ana cha kutoa.

Kitabu nacho kilingane na umri. Adili na Nduguze cha Shaaban Robert kina maajabu ya hekaya pamoja na swali zito: je, ni haki Adili kuwapiga kila usiku nduguze waliogeuzwa manyani, hata kama amelazimishwa? Vijana wenye kaka na dada hawatakosa la kusema. Ubishi huo usizimwe, kwa kuwa ndio unaomfanya msikilizaji kuwa mshiriki. Kwa walio bwenini, likizo za Juni na Desemba zinatosha. Robo saa kwa usiku si mzigo.

5. Hitimisho

Mara nyingi ukuzaji wa Kiswahili hujadiliwa kwa upande wa sera, istilahi na kamusi. Nyumba husahauliwa, ingawa ndiyo inayoamua iwapo kijana atakuwa na Kiswahili cha kufikiria mambo mazito au cha kuombea chumvi tu. Wanafunzi wa isimu wana kazi hapa: kuchunguza, kaya kwa kaya, kama vijana wanaosomeana nyumbani huitumia -ngali- na -ka- tofauti na wenzao. Uchunguzi huo unaweza kuanzia Kilakala, na hauhitaji zaidi ya daftari, kinasa sauti na idhini ya wenye nyumba.