Gazeti la Wafanyakazi wa Uingereza Lilivyopotea



Katika mkutano uliopita ndugu mmoja aliuliza swali ambalo hatukulijibu vizuri. Alisema: vyama vya wafanyakazi vya Uingereza ni vya zamani na vina watu mamilioni, mbona magazeti makubwa ya huko mengi huwasema vibaya wanaogoma? Leo tunajaribu kumjibu.

Tusidhani kwamba gazeti la Mwingereza halina upande. Daily Mail, lililoanza mwaka wa 1896, ni rafiki wa Conservative tangu zamani. Mwaka wa 1924, siku nne kabla ya uchaguzi, lilichapa barua iliyosemekana imetoka kwa Zinoviev wa Moscow, ili watu waiogope Labour. Barua ile ilikuja kujulikana kuwa ya uwongo, lakini kura zilikuwa zimekwisha kupigwa. Mwaka wa 1934 mwenye gazeti hilo, Lord Rothermere, aliwasifu Mashati Meusi wa Mosley. Lord Beaverbrook wa Daily Express hakujificha hata kidogo: aliiambia tume iliyochunguza magazeti baada ya vita kwamba yeye analiendesha gazeti lake kwa ajili ya propaganda tu. Kwa ukweli huo tunamshukuru.

Daily Mirror huielekea Labour. Ndilo lililochapa mwaka wa 1955 habari za mbunge Barbara Castle, aliyekuja Kenya kuchunguza maovu yaliyotendwa wakati wa Hali ya Hatari. Guardian halina tajiri; tangu 1936 limewekwa chini ya amana. Lakini yote mawili si mali ya vyama.

Gazeti la wafanyakazi wenyewe lilikuwapo, na jina lake Daily Herald. Lilizaliwa Januari 1911 kama karatasi ya mgomo wa wachapaji wa London. Likafa baada ya miezi michache, likafufuliwa 1912, na mwaka wa 1922 likashikwa na T.U.C., yaani baraza la vyama vyote. Fedha zilikuwa shida kila siku. Basi mwaka wa 1929 vyama vilifanya shauri na kampuni ya Odhams: kampuni ichukue hisa 51 katika kila 100, vyama vibaki na 49, na siasa ya gazeti iendelee kufuata maazimio ya wafanyakazi. Watu wakapita nyumba kwa nyumba wakitafuta wasomaji na kuwapa zawadi, hata vitabu vya Dickens. Mwaka wa 1933 Herald likauza nakala milioni mbili kwa siku.

Lililoliua si ukosefu wa wasomaji. Hata lilipokuwa likifa, wasomaji wake waliwazidi wa Times, Guardian na Financial Times wakijumlishwa pamoja. Lakini wasomaji hao walikuwa watu wa mshahara mdogo, na wenye maduka hawakutaka kulipa matangazo kwa ajili yao. Gazeti la huko wakati ule lilitegemea sana matangazo, si senti za msomaji peke yake.

Mwaka wa 1964 T.U.C. iliuza hisa zake, na Septemba ya mwaka huo Herald likageuzwa jina likawa Sun. Mwaka wa 1969 likanunuliwa na Rupert Murdoch. Vyama vya wachapaji vilimpendelea kuliko mnunuzi mwingine kwa kuwa aliahidi kupunguza watu wachache zaidi. Mwaka wa 1979 gazeti lile lile likawaambia watu wampigie kura Thatcher. Januari 1986 wachapaji wa magazeti ya Murdoch waligoma, wakafukuzwa zaidi ya elfu tano, na kazi ikahamishiwa Wapping. Walisimama nje ya lango mwaka mzima, wakashindwa. Tangu hapo Sun limemtetea Blair mwaka wa 1997, likarudi kwa Conservative, na 2024 likasema Labour tena. Hufuata upepo.

Sasa mnajua kwa nini halmashauri haikuijibu upesi barua ya yule mfanyabiashara anayetaka kutulipia karatasi na wino kwa kupewa ukurasa wa kwanza. Jambo hilo litaletwa mbele ya mkutano mkuu. Kwa wakati huu stensili zilizobaki zinatosha matoleo mawili, na matawi matatu bado hayajaleta fedha za nakala walizouza.